Kiti cha Tatu Ndani ya Ndege ya Plastiki

Ndege ya plastiki iliyo katika kabati la kioo pale mapokezi ya kampuni, mtaani Manika, ina viti vitatu mbele. Maelezo yaliyobandikwa chini yake yanasema viwili, na picha zote za kampuni zinasema viwili. Cha tatu kimo ndani. Kilikunjwa ukutani nyuma ya marubani, na tangu tulipoifunga ndege hiyo hakuna jicho lililokiona. Nayasema haya mwanzoni kwa sababu ninyi mliobaki kwenye karakana mtaamriwa kuifungua, na mimi najua jinsi mnavyofungua vitu.

Niliingia karakana ya maketi nikiwa msichana aliyetoka shule ya ufundi na cheti cha uchoraji. Maketi, kwa anayesoma haya bila kutujua, ni mfano mdogo wa kitu kikubwa: shimo la mgodi, kiwanda cha kuoshea mawe, bwawa, kijiji cha wafanyakazi. Kampuni iliyahitaji kwa wageni. Mgeni mkubwa hapendi kushuka shimoni na viatu vyake, hivyo tulimletea shimo mezani. Alilizunguka, akanyoosha kidole, akauliza swali ambalo jibu lake alikuwa amelishikilia mkononi, akaenda kula. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote, na sijutii, ila nimewahifadhia wageni dharau kidogo.

Siku ya kwanza nilipewa milima ya maketi ya bwawa la Nzilo. Bwawa lenyewe lilikwisha kujengwa kwa mbao na plasta, nami niliambiwa nipande miti kwenye kingo za Lualaba. Nilikata sponji, nikaipaka kijani, nikaibandika kwa bidii ya mtu asiyejua kitu. Aliyekuwa akiongoza meza yetu, Tata Mutombo, tata kwa maana ya baba, alikuja akainama, akatazama msitu wangu kwa muda mrefu.

“Mama, ile haiko muti,” alisema. “Ile ni sponji iko na homa.”

Wanaume wa karakana walicheka. Mimi nilikuwa mwanamke pekee, na tangu siku hiyo waliniita Mama Sponji mpaka nilipojifunza kuwajibu. Tata Mutombo hakucheka. Alinipeleka nje, akanikatia kichwa cha nyasi kavu, akakitumbukiza kwenye gundi, kisha kwenye vumbi la mbao lililotiwa rangi. Ulikuwa mti. Ulikuwa na upande wa jua na upande wa kivuli. Niling'oa msitu wangu wote mchana ule.

Tata Mutombo alikuwa mtu wa Kasai, mwana wa waliokuja kufanya kazi mgodini, na kabla ya kuja kwetu alikuwa fundi bati kwenye uwanja wa ndege. Alikunja bati za ndege halisi, mpaka ndege ya kampuni ilipokwisha kazi. Hakuwa mnyenyekevu hata kidogo. Aliamini kwamba Mungu aliumba chuma, kisha akamwachia yeye kukinyoosha. Alimdharau seremala, alimdharau fundi wa plasta, na fundi umeme hakumhesabu kabisa kuwa fundi. Nilijifunza kwake mambo mawili: namna ya kutazama, na namna ya kudharau. La pili sikuhitaji kufundishwa sana.

Vyombo vyetu, vijana, mmeviona kwenye droo mkavicheka. Sindano ya cherehani iliyochomekwa kwenye kalamu iliyokwisha wino, ya kuchorea mistari kwenye plastiki. Tupa za kucha. Msasa wa maji uliochakaa, kwa sababu mpya unakula kupita kiasi. Nyaya nyembamba kama unywele tulizichomoa kwenye mota zilizoungua. Mji mzima umekaa juu ya shaba, lakini uzi mwembamba wa shaba ulipatikana kwenye mota mbovu tu. Vioo vya madirisha tulivikata kwenye filimu za eksirei za hospitali. Tulizisugua kwa maji ya Javel, dawa ya kung'arishia nguo, mpaka mbavu za mgonjwa zikafutika na filimu ikabaki safi. Katika maketi ya kituo cha treni kuna dirisha moja ambalo, ukilitazama kwa ubavu, bado lina kivuli cha goti la mtu. Hakuna mgeni aliyewahi kuliona.

Kulikuwa pia na desturi ambayo ninyi mmeiacha, na ndiyo hasa inayonifanya niandike. Maketi nyingi zina ndani. Ukishabandika paa, ndani hakuonekani tena. Basi kabla ya kufunga, Tata Mutombo alitandika kitambaa cheupe mezani, akaiweka kazi wazi, akawaita watu waliokijua kitu chenyewe waje waitazame mara ya mwisho na kuishtaki. Aliita kuaga tumbo. Aliyekuja aliruhusiwa kusema lolote. Baada ya kufunga, hakuna aliyekuwa na haki ya kulalamika. Kwa Nzilo alikuja mzee aliyekuwa akiendesha mtambo wa umeme mle ndani. Alitazama, akakohoa, akasema ngazi iko upande usio wake. Tata Mutombo alimwita kipofu, akamtukania macho na miwani, kisha akabomoa ngazi na kuihamisha. Ndivyo alivyokubali kosa: kwa matusi, lakini alikubali.

Sasa ndege. Boksi lilitoka kwenye nyumba ya klabu ya zamani, ambako wahandisi wa kizungu walikuwa wakicheza karata. Mmoja wao alianza kuunganisha ndege ya plastiki, akachoka, akaondoka nchini akaiacha. Ndani ya boksi mlikuwa na vipande vilivyopinda kwa joto, alama ya kidole gumba iliyogandia kwenye gundi juu ya bawa, na karatasi ya maelekezo iliyoliwa na panya sehemu ya lugha zote isipokuwa Kijerumani. Ilikuwa ndege ya injini mbili yenye gurudumu la pua, aina ileile ambayo kampuni ilikuwa nayo, iliyokuwa ikibeba vipuri, madaktari na barua mpaka Kisenge kwenye migodi ya manganizi.

Mkuu wetu wakati huo aliitwa Shefu Kalala. Alikuwa ametoka ofisi ya kupokea wageni na aliingia karakana kama mtu anayeingia jikoni kwa mwingine. Aliona boksi akafurahi. Alitaka ndege hiyo ikae mapokezi, imepakwa rangi za kampuni, inang'aa. Alidhani ni kazi ya alasiri mbili: gundi, rangi, basi.

Ninyi mnaopenda kusema vitu vya zamani vilitengenezwa vizuri, mngeiona plastiki ile. Waliochonga kalibu yake walipenda ribiti, misumari ya kushikiza mabati, kuliko ndege. Kila ribiti ilikuwa imevimba kama mbaazi. Kwa kipimo cha ndege kamili ingekuwa kubwa kama sahani ya supu. Upepo ungezipita vipi, sijui. Chumba cha marubani kilikuwa sakafu tupu yenye vibonge viwili vilivyokusudiwa kuwa watu, bila viti, bila usukani, wamekaa juu ya hewa na mikono imegandia mapajani kama watoto waliokemewa. Injini zilikuwa vifuniko vya chupa. Mlango wa mizigo ulichorwa tu, na ulichorwa ukiwa mdogo, kwa hiyo hata mbuzi asingepita.

Tata Mutombo aliwatoa wale watu wawili kwa wembe, akawatupa nje ya dirisha. Kisha tulianza.

Nusu ya kazi ya kuboresha ni kuharibu. Tulisugua ribiti zote kwa msasa na maji mpaka ndege ikawa laini kama yai. Kisha nilichora upya mistari ya mabati, moja baada ya nyingine, nikiongoza sindano kwa utepe mgumu. Mkono ukiteleza, unajaza mtelezo kwa plastiki iliyoyeyushwa, unangoja ikauke, unaanza tena. Mlango wa mizigo tulikata tundu kamili, tukatengeneza mlango mpya kwa plastiki ya kikopo cha mtindi. Nyuma ya injini tulipanga nyaya za shaba. Antena tulivuta kwa kupasha kijiti cha plastiki juu ya mshumaa na kukinyoosha polepole mpaka kinakuwa uzi. Saa za dashibodi nilizifanya kwa kupaka plastiki nyeupe rangi nyeusi, kisha kukwaruza kwa ncha ya sindano mpaka weupe unaonekana. Shefu Kalala alikuja akauliza kama mishale ya saa hizo inasogea.

Viti viwili vya marubani Tata Mutombo alivijenga mwenyewe. Kisha akaanza cha tatu.

Sikujua habari za kiti hicho, naye alinisimulia huku akifanya kazi. Ndege ya kampuni ilitua mahali ambapo hakuna fundi, na injini zake zilikuwa na tabia. Hivyo fundi alisafiri nayo kila safari. Waliounda ndege hawakumwekea mahali. Basi kwenye karakana ya uwanja walimtengenezea kiti cha kukunja, kikining'inia kwenye ukuta wa nyuma ya marubani: ukikishusha, fundi anakaa katikati yao, magoti yakigusa viti vyao, ukikikunja, njia inafunguka. Fremu ilikuwa bomba jembamba, na pa kukalia palikuwa kipande cha mpira wa mkanda wa kiwandani, ule unaobeba mawe. Aliyekitengeneza ni Tata Mutombo. Hakuna aliyeomba ruhusa kwa waliounda ndege. Kilifanya kazi miaka yote bila kuvunjika, jambo alilolirudia kila siku kana kwamba nilikuwa nimekitilia shaka.

Aliyekuwa akikaa pale aliitwa Tata Kabongo. Alikuwa amekwisha kufa tulipoanza kazi hii.

Kwenye matanga yake kulitokea neno. Mdogo wa marehemu, Shemasi Tshibangu, mtu wa kanisa mwenye sauti inayofika barabarani, hakuwahi kupenda hadithi za kaka yake za angani. Kwenye uwanja wa ndege, vibarua wakikosekana, Tata Kabongo alisaidia kupakia mizigo, na ndivyo shemasi alivyomwona siku alipokwenda. Kwa hiyo mtu mmoja aliposimama kumsifu marehemu kuwa alisafiri katikati ya marubani, shemasi alimkatiza. Alisema kaka yake alikuwa mpakizi kama wapakizi wengine, na ndege ile ilikuwa na viti viwili, kila mtu anajua.

“Aliikala juu ya nini?” aliuliza mbele ya watu wote. “Juu ya mufuko ya bunga?”

Watu walicheka. Matangani watu hutafuta sababu ya kucheka, na hiyo ilikuwa karibu. Mjane, Mama Ngalula, aliuza samaki wa chumvi sokoni Manika. Kabla ya mwezi kuisha wauzaji wenzake walikuwa wakimwita Mama Rubani wa Bunga, yaani wa unga, wengine kwa mapenzi, wengi bila mapenzi. Alikwenda kwa wazee wa kanisa kulalamika. Shemasi akaapa mbele yao kwamba siku atakayokiona kiti cha tatu kwa macho yake, atasimama Jumapili mbele ya ibada na kumwomba radhi mjane na marehemu. Ni rahisi kuapa hivyo kama unajua ndege haipo tena.

Maana ndege haikuwepo. Iliuzwa kama chuma chakavu, ikakatwa, ikayeyushwa, ikawa masufuria. Huenda kuna mama Manika anasonga bukari, ugali wetu, ndani ya bawa. Marubani waliondoka, kila mmoja na njia yake. Aliyebaki wa kushuhudia ni Tata Mutombo, na yeye alikuwa rafiki wa marehemu na mtu wa kwao, kwa hiyo shemasi alisema shahidi huyo amelishwa nyumba moja na marehemu. Sasa mnaelewa kwa nini kiti kile kidogo, kisichozidi ukubwa wa punje ya mahindi, kilijengwa kwa muda mrefu kuliko mabawa yote mawili.

Fremu ilikuwa waya wa shaba. Pa kukalia palikuwa mpira wa tairi la ndani la baiskeli, uliosuguliwa mpaka mwanga ukapita. Mkanda wa kiunoni ulikatwa kwenye karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ukapakwa rangi ya mchanga. Na bawaba ilifanya kazi. Nilimwambia hakuna atakayekikunja na kukishusha. Alinijibu kuwa cha kwake kilikunjwa na kushushwa, na hakutengeneza sanamu ya kiti, alitengeneza kiti.

Siku ya kuaga tumbo alitandika kitambaa, akaweka nusu mbili za kiwiliwili cha ndege wazi kama samaki aliyepasuliwa. Mama Ngalula alikuja kwa taksi-moto, pikipiki ya kukodi, amevaa kitenge cha ibada. Tata Mutombo alimpa kijiti cha kiberiti. Alikishika, akakisogeza ndani polepole, akakishusha kiti. Kikakaa sawa katikati ya viti viwili. Hakulia. Alitazama, kisha akasema magoti ya mume wake yalikuwa marefu, lazima yaliwachokoza marubani. Tata Mutombo akasema yaliwachokoza sana, na alisema kwa Tshiluba maneno mengine ambayo sikuyaelewa, wote wawili wakacheka.

Shefu Kalala aliingia hapo. Alisikia kicheko, na kicheko karakana kilimpa mashaka. Aliinama juu ya ndege, akahesabu viti, akahesabu tena.

“Mutombo, ndege ilikuwa na viti mbili. Iko mu papier, mu karatasi ya kampuni.”

“Papier haiyapandaka ndege, shefu. Ile kiti njo mi nilitengeneza.”

“Basi ulitengeneza kosa.”

Alieleza, na nitamtendea haki kwa kusema alieleza kwa utulivu. Wageni wanaokuja wengine wanajua ndege. Wakiona kiti ambacho waundaji hawakukiweka, watauliza nani alikiruhusu, na jibu ni kwamba hakuna. Hakutaka kampuni ijishtaki yenyewe mapokezi, ndani ya kioo, chini ya taa. Kiti kitoke. Mtu anaweza kuona mantiki yake. Nimeshaona mantiki nyingi za namna hiyo, na zote hunuka vumbi la kabati.

Mama Ngalula alikuwa bado ameshika kijiti cha kiberiti.

“Shefu,” alisema, “mi sikukuya kuomba ndege. Nilikuya kuona fasi bwana yangu alikuwaka anaikala.”

“Na umeona, mama,” alijibu Shefu Kalala. “Sasa imetosha.”

Tata Mutombo aliiweka mikono yake mezani, mmoja kila upande wa ndege, akasema kiti kikitoka na yeye anatoka, na ndege itabaki vipande. Shefu alikuwa amekwisha kuwaahidi wakubwa wake ndege. Walisimama hivyo, kila mmoja akijua mwenzake hawezi kuondoka mikono mitupu. Mwishowe shefu akatoa njia yake: kiti kibaki, lakini kikunjwe juu ukutani ambako dirisha halikionyeshi, na kibandikwe kwa gundi, yeye mwenyewe akitazama.

Mezani palikuwa na vikopo viwili. Kimoja kilikuwa na gundi nyeupe ya mbao iliyopunguzwa. Kingine kilikuwa na maji ya kusuuzia brashi, na kwa kuwa tuliisuuza asubuhi yote, maji yale yalikuwa meupe vilevile. Tata Mutombo alichovya brashi, akakunja kiti, akapaka. Shefu akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza. Nilikuwa nimepanga vikopo hivyo mwenyewe, na sikuona alichovya kipi.

Nilimwuliza wakati tunasafisha vyombo. Alisema, “Mama Odile, we ni polisi?” Nilimwuliza tena miaka baadaye, alipokuwa anastaafu na macho yake yameanza kuvaa ukungu. Alisema gundi ni gundi mpaka siku inapoachia. Amekwisha kufa, na hilo ndilo jibu lote nililonalo. Bawaba ile ilikuwa ngumu. Ingeweza kukisimamisha kiti peke yake, bila gundi, mradi ndege isitikiswe sana.

Tuliifunga siku ileile. Kabla ya kuifunga kulikuwa na jambo la pua. Ndege ya gurudumu la pua, ikiwa ya plastiki, hukaa kitako juu ya mkia wake isipowekewa uzito mbele. Tuliomba madini ya risasi kutoka ghala. Ghala lilijibu kwamba kampuni inachimba shaba, haichimbi risasi, jibu lililowafurahisha sana. Basi Tata Mutombo alivunja betri ya kamioni, akachukua risasi yake, akaikata vipande, akavijaza puani na kuvimwagia gundi ya mbao. Mtu huyu aliyekuwa akitukana kila asiyejua chuma hakuiosha risasi ile asidi yake, na hakujua kwamba risasi na gundi ya namna ile, zikifungiwa pamoja, huoza polepole na kuvimba unga mweupe. Ninyi mnajua kwa sababu nimewaambia mara nyingi. Tumieni skrubu za chuma.

Shemasi Tshibangu aliitwa kuja kutazama ndege ilipowekwa mapokezi. Alivaa miwani, akachungulia kioo cha mbele, akaona viti viwili. Tulimwambia cha tatu kimekunjwa. Alimwuliza Shefu Kalala, na Shefu Kalala akasema hazungumzii mambo ya ndani ya kampuni. Mimi nilisema nimekiona kwa macho yangu. Shemasi alinitazama kwa huruma, akasema Mama Odile anatengeneza vitu vya kuchezea, na mtoto akicheza huona hata simba. Jumapili iliyofuata alilitangaza kanisani: amekwenda, ametazama, viti ni viwili. Mama Ngalula alikuwa amekaa safu ya nne.

Nilibaki karakana miaka mingi baada ya hapo na nilijenga vitu vingi, nisivyovieleza kwa sababu vilikwenda vizuri. Wageni walibadilika, maswali yao hayakubadilika. Vijana waliokuja kuchimba kutoka kila pembe ya nchi walijaa mjini, wakachimba mpaka chini ya nyumba za watu, na kampuni ikatutaka maketi ya shimo ambalo halina shimo jingine ubavuni. Tuliwapa. Kisha ikaja mashine ya kuchapa vitu. Mnaipenda, nayo ina faida yake: haichoki na haijibu. Lakini nimeona kiwanda ilichokichapa. Kona zake zimelegea kama sabuni iliyolala majini, na mti wake, Mungu amrehemu Tata Mutombo, ni sponji yenye homa.

Kila mwaka, siku ya kumkumbuka mume wake, Mama Ngalula alikuja mapokezi, akasimama mbele ya kabati, akaondoka. Walinzi walimzoea.

Wiki yangu ya mwisho kazini, asubuhi, mlinzi alikuja kuniita. Barabara ya mbele ya mapokezi siku hizi inapitwa na makamioni ya madini mfululizo, na kabati hutetemeka kama meno. Unga mweupe ulikuwa umepasua pua ya ndege kwenye mshono na kulisukuma nje gurudumu la mbele. Ndege ilikuwa imeanguka mbele kwa goti, kama mbuzi anayekunywa maji, mkia juu. Nilichukua tochi, nikachungulia kioo cha mbele. Katikati ya viti viwili palikuwa na kitu cheusi ambacho zamani hakikuwepo.

Habari haikulala. Alipofika Mama Ngalula, shemasi alikuwa amekwisha kuja na fimbo yake, ni mzee sasa, na miwani minene zaidi. Walichungulia kwa zamu. Mama Ngalula alisema ni mpira wa kiti. Shemasi alichungulia muda mrefu, akasimama wima.

“Ni mende,” alisema. “Mende alikufia mule.”

“Shemeji,” Mama Ngalula alimjibu, “miaka yote uliona viti mbili. Leo unaona mende. Kesho utaona nini?”

Shemasi alisema kabati lifunguliwe, na kama ni kiti atafanya alichoapa, hajasahau. Hilo nilimsikia kwa masikio yangu na mlinzi alisikia. Lakini shefu wetu mpya, kijana aliyeletwa pamoja na mashine yake, alisema ndege imekwisha, itatupwa, na mashine itachapa nyingine safi. Nilimwuliza itakuwa na viti vingapi. Aliangalia maelezo yaliyobandikwa. Baada ya maneno ambayo sitayaandika, alikubali ifunguliwe kwanza, akirudi kutoka Lubumbashi. Ameondoka na ufunguo wa kabati mfukoni.

Basi, kwenu mtakaopewa kazi hiyo. Tandikeni kitambaa cheupe. Waiteni wote wawili, na msianze kabla hawajafika. Fungeni mdomo na pua, ule unga ni sumu. Msipite na wembe mshono wa juu, mtaviangusha vioo. Anzeni chini ya tumbo, kuelekea mkia, mfungue kidogokidogo kwa ncha iliyopashwa moto. Msiinyanyue pua. Chochote kilicho katikati ya vile viti kiacheni kilivyo mpaka macho mengine manne yakione kabla ya yenu.

Jioni ya siku yangu ya mwisho nilirudi pale na tochi, nikatafuta mkanda wa kiti. Mende hana mkanda. Niliweka taa kushoto, nikaiweka kulia, nikapiga magoti. Kioo kile cha ndege nilikitengeneza mwenyewe kwa eksirei ya mtu nisiyemjua, na baada ya miaka hii yote kimekuwa cha manjano, na kwa ndani kimeshika vumbi jeupe la pua. Niliona ukingo mweusi, na chini yake mstari mwembamba wa rangi ya mchanga, ambao unaweza kuwa karatasi ya sigara, na unaweza kuwa mguu wa mende.